Breki ya Maji ya Sabuni

Jumanne, 4 Machi 2025

Hailuksi, pikapu yangu, imenitoa jasho. Natoka Buhigwe na magunia ya maharage, nakanyaga breki — pedo hadi chini. Imeshika baada ya kupampu mara tatu. Hapa Kasulu fundi Saidi kaangalia: raba za breki za nyuma zimekufa, mafuta yote yanavuja. Gari lisitembee mpaka Jumatatu, raba zikija. Lisitembee! Na magunia yaliyobaki Buhigwe yaje kwa miguu?

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya tunavyofanya madereva wa huku mafuta ya breki yakiisha: maji, sabuni ya unga kidogo, nikamimina kwenye kikopo cha breki. Pedo imepanda, ngumu kabisa. Magunia yamefika.

Maximilla kauliza kama Saidi amemaliza kazi. Nikasema amemaliza. Sipendi kuulizwa mambo ya gari na mke wangu.

Ubaya wa maji yale naujua. Kwenye tambarare hayana neno. Mteremko mrefu, na mzigo — breki zikipata moto yanachemka, unakanyaga hewa.

Ijumaa, 7 Machi

Malaria imenishika. Na msiba juu yake: shangazi yake Maximilla amefariki huko juu Munanila. Watu wa kanisani wamekuja kuomba gari. La msiba halinyimwi. Ukinyima, wewe utazikwa na nani? Nilitaka kusema ni bovu. Maximilla akaniwahi: limetengenezwa juzi tu. Nikakubali. Nitaendesha mwenyewe kesho, polepole, kwa gia.

Jumamosi, 8 Machi

Dawa imenilaza hadi saa nne. Gari halipo! Shemeji Bazilio kaondoka nalo alfajiri, wakaona niachwe nipumzike. Maximilla yumo. Nadine, binti yangu, yumo.

Saa sita. Bazilio kapiga. Wamepanda hadi Munanila bila shida. “Muramu, shemeji yangu, breki zako zinashika kama gari jipya.” Nikataka kumwambia. Lakini simu kaiweka sauti ya nje, wote wanasikia, wananishukuru, mama mchungaji ananiombea nipone. Nikasema amina. Nimeona aibu. Aibu tu!

Saa nane na nusu. Nimepiga mara kumi na moja. Bazilio hapatikani, Maximilla hapatikani. Kule simu zinakamata minara ya Burundi. Nimeandika: MSISHUKE NA GARI, BREKI NI MAJI. Ujumbe haujafika.

Saa kumi. Umeingia ujumbe wa Nadine, kautuma saa saba: wameshazika, wanapanda gari, mama kakaa mbele, yeye nyuma na kwaya, wamebanana sana.

Saa saba! Wangekuwa wameshafika.

Naogopa. Nimemwita bodaboda anipeleke barabara ya Buhigwe, wanakoshukia, bado hajaja.

Jirani yetu Rosa kasimama mlangoni. Mume wake anaimba kwaya. Kauliza kama nimesikia lolote. Nimemjibu wako njiani, wanakuja.