Kidole na Saa ya Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi mpya katukusanya bekarini asubuhi. Ana kalamu mbili mfukoni, na nina hakika hajawahi kukanda hata unga wa gundi. Eti Ijumaa kuna mtihani. Kadi za kazi sasa ni za Kiingereza. Atakayeshindwa anatolewa meza ya unga, anapelekwa kufunga mikate kwenye mifuko.

Mimi! Miaka thelathini na moja naumua unga, leo nikafunge mifuko!

Mpara, yule mwenye kipara wa tanurini, kacheka. Eti Bibi, Kiingereza kigumu, meno yako yatabaki humo. Nikamwambia yangu yakibaki angalau yataokotwa, yake nani atayagusa? Karudi tanurini kwake.

Sifungi mifuko.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa mjukuu wangu, yule anayesomea ualimu. Nikamwambia, mke mwenzangu, nisomee hili. Nimelinakili kutoka kadi ya kazi iliyobandikwa ukutani: rise. Akasema linatamkwa raizi. Sasa hiyo e ya mwisho inakaa pale kufanya nini? Akasema Bibi, usigombane na neno, jifunze.

Maana yake unga kuumuka. Vyema. Kumbe na jua kuchomoza. Na mtu kuamka. Na kusimama kutoka kitini. Na mto kujaa, na bei kupanda, na watu kumwasi mtawala! Yote hayo neno moja! Sisi kila jambo lina neno lake. Wenzetu sufuria ileile wanapikia chai na maharage. Uvivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Kamusi ya mjukuu nene kama tofali. Kanisomea asili. Neno la kale mno, zamani lilikuwa la mtu kutoka kitandani na kusimama. Unga umelidandia baadaye. Hapo nimelipenda kidogo. Magoti yangu yanalijua kila alfajiri.

Nikauliza, na hili jingine la kadini, raise, je? Kasema hilo ni reizi, mtu kukiinua kitu. Raizi, kitu kinainuka chenyewe.

Hilo nalijua tangu yeye hajazaliwa! Unga haunyanyuliwi. Unautilia hamira, unaufunika, unaondoa mkono. Kisha bonyeza kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole, tayari. Lisiporudi, umeuchelewesha, hauna dawa.

Akaandika maneno yangu kwenye daftari lake. Mwalimu!

Raizi, rozi, rizeni. Nimekariri huku nafua.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye benchi la kubadilishia nguo. Mtihani haujaisha.

Kusoma nimesoma. Msimamizi kaonyesha mstari, nikausoma kwa sauti na kueleza: unga uachwe uraizi saa nzima. Kashangaa! Katia alama ya vema. Mpara kakohoa.

Nikakanda, nikafunika. Sharti: atakayegusa beseni kabla ya saa kutimia, kashindwa.

Lakini joto la leo! Bati linalia juu. Aliyeandika kadi ile alikuwa kavaa sweta.

Dakika ya thelathini na tano kitambaa kilishatuna. Dakika ya arobaini msimamizi katoka na simu yake. Nikabonyeza. Ndiyo, nimebonyeza! Shimo likarudi polepole. Tayari.

Hakuniona. Nikinyamaza dakika ishirini, nimefaulu, meza yangu. Na mikate themanini itabweteka tanurini, watu wapewe matofali.

Mpara kanifuata hapa; yeye kaniona nikibonyeza. Safari hii hacheki. Eti tulia Bibi, umeshapita, mikate ikiharibika si kosa lako, ni la kadi. Nikamwambia kadi haina mikono. Unga niliukanda mimi.

Nimefunga aproni upya, nimerudi meza ya unga na daftari hili. Msimamizi karudi, kasimama mlangoni, anaitazama saa, kisha mimi. Nimemwambia nimegusa. Nimemwambia uko tayari, na kama haniamini alete kidole chake mwenyewe.

Kaiweka ile karatasi ya alama mezani.

Kaenda kunawa mikono. Dakika ya arobaini na nne, anakuja, kidole mbele —