Gesi Kavu, Gesi ya Majimaji, na Kiti cha Pembeni ya Mke Wangu

Mama mshauri, shikamoo. Naomba uniazime sikio lako kwa sababu mwenzio nimefika mahali hata chakula hakipiti, na ukiona nimeanza na mambo ya magari usigeuze ukurasa, ugonjwa wenyewe umo humohumo.

Mimi ni fundi wa magari, gereji ni yangu, iko chini na sisi tunaishi juu yake, na mke wangu ndiye dereva wetu wa mashindano, yaani kila Jumapili ya mwisho wa mwezi watu wanakutana kwenye uwanja wa ndege wa zamani usiotumika tena, wanapimana kasi magari mawilimawili kwenye mstari ulionyooka, na mke wangu ameshawatoa jasho wanaume wenye vitambi na magari ya bei mbaya. Kuendesha nimemfundisha mimi, kubadilisha gia nimemfundisha mimi, kwa hiyo ukimwona pale kwenye usukani ujue ile ni kazi ya mikono yangu.

Sasa tuliamua kuongeza gesi ya naitrasi, ile ya mtungi, dereva anabonyeza kitufe na gari linaruka kama limetukanwa. Kuna njia mbili za kuifunga. Ule mfumo mkavu unapuliza gesi peke yake, halafu petroli ya ziada inatolewa na nozeli za gari lenyewe, ila kompyuta ya injini lazima ipangwe upya iseme petroli kiasi gani, maana ikipungua pistoni zinayeyuka. Mfumo wa majimaji unakuja na petroli yake, gesi na petroli vinatoka pamoja kwenye pua moja unayoifunga kwenye bomba la hewa, na huo naweza kuufunga mwenyewe kwa spana zangu bila kumwita mtu.

Na hapo ndipo moto ulipo mama, kwa sababu mtu wa kupanga kompyuta hapa kwetu ni mmoja tu, tunamwita Kidole, kijana hajaoa, kucha safi, shati limepigwa pasi, anagonga laptopu yake kwa kidole kimoja utadhani anabembeleza mtoto. Akipanga gari anakaa kiti cha pembeni, laptopu mapajani, mke wangu anaendesha, wote wawili wamevaa helmeti zenye vipaza sauti, wanaongea wao kwa wao na mimi nimesimama kwenye nyasi nimeshika jaki kama mlinzi wa harusi asiyealikwa. Nawaona wanacheka. Wanacheka nini kwenye gari linalonuka mafuta?

Mwezi uliopita walirudi, Kidole akafungua laptopu kwenye boneti, akanionyesha mistari inayopanda na kushuka, akasema, "Kaka, shemeji anaachia klachi mapema akiwa na hasira. Ona hapa, na hapa. Akiwa ametulia anaachia vizuri kabisa." Mke wangu akamwangalia akasema, "We Kidole, umejuaje?" kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu tuchumbiane. Mama, nimeishi na ule mguu miaka yote na sikujua. Mwanamume mwingine anausoma mguu wa mke wangu kwenye kioo cha laptopu, na mimi nimebaki kuuvulia kiatu.

Kidole akashauri tufunge mkavu. Akasema manifodi ya gari letu, lile bomba linaloigawia injini hewa, ni ya plastiki na ina tumbo katikati, tukifunga wa majimaji petroli itatuama humo, na siku injini ikirudisha moto nyuma itapasuka. Nikajiambia, huyu anatafuta kiti. Mkavu maana yake ni yeye kukaa na mke wangu Jumamosi baada ya Jumamosi, "ongeza shem, ongeza, hapohapo, tulia." Nikafunga wa majimaji. Mke wangu aliponiuliza nikamwambia Kidole ameupitia na amesema uko sawa.

Nilipoujaribu gerejini mara mbili ulienda vizuri, mara ya tatu ukapiga mlio mmoja na manifodi ikachanika ubavuni. Mke wangu akachungulia dirishani huko juu, "Nini hicho?" Nikasema ni kompresa. Nikatafuta manifodi nyingine ya namna ileile, nikaifunga, nikafunika boneti, na tangu hapo hata mlango ukigongwa nashtuka. Mashindano ni Jumapili hii. Amefurahi mno, amepaka helmeti yake rangi mpya, anasema mwaka huu tutawanyamazisha wote.

Naomba uniambie, kwa mtu mwenye hali kama yangu, kati ya mkavu na majimaji upi una heri? Na huyu Kidole nimfanyeje?

Ni mimi, Fundi Mwenye Donge Kooni.

*

Fundi, marahaba. Wivu unauma, nakupa pole ya kweli na sitakucheka kwa hilo. Ila kabla hujasoma mstari mwingine, weka gazeti chini, shuka gerejini, funga koki ya ule mtungi na uutoe ndani ya gari. Nenda.

Umerudi? Haya, tuzungumze.

Mimi kwenye magari najua mkanda na kiti cha nyuma, basi. Kwa hiyo nilimpigia simu fundi anayetengeneza langu, nikamsomea barua yako bila kueleza ni ya nani. Mwanzoni alikuwa anacheka. Nilipofika kwenye manifodi kuchanika aliacha kucheka, akauliza, "Mama, mke wake anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi acha kunisomea mimi, mtafute yeye." Ndiyo maana barua yako imeruka foleni na watu wenye mawifi wakorofi watanisamehe wiki hii.

Ulichouliza kina jibu. Fundi wangu anasema majimaji si mfumo mbaya, kuna injini zinaupenda, zenye manifodi ya chuma ambayo petroli haipati mahali pa kutuama. Na mkavu nao si malaika, nozeli zikiwa ndogo au kompyuta ikipangwa ovyo utaokota pistoni vipandevipande. Lakini kwa gari lako, lenye plastiki na hilo tumbo, Kidole alisema kweli, na wewe fundi mzima ulijua kuwa anasema kweli. Uliambiwa na kijana, ukaambiwa na injini yenyewe kwa mlio, ukaenda kutafuta manifodi nyingine ya plastiki. Sikio la kufa halisikii dawa, ila hapa tofauti ni kwamba sikio ni lako na atakayekaa nyuma ya ile boneti ni mtoto wa watu.

Halafu unaniandikia "kazi ya mikono yangu." Mkeo si gari, baba. Ulimfundisha gia, asante, lakini kushinda anashinda mwenyewe. Angekuwa kazi ya mikono yako ungekuwa umeikagua vizuri zaidi.

Kuhusu Kidole, nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kosa lake. Kucha safi si kosa. Pasi si kosa. Kucheka na shemeji yake kwenye kazi, mbele ya macho yako, mchana kweupe, si kosa. Amekuita kaka na amekwambia ukweli kuhusu injini yako huku wewe ukimzushia maneno ambayo hakuyasema. Kati yenu wawili anayestahili kununa ni yeye.

Na hilo la klachi nimelitafakari sana. Umeambiwa mkeo anaachia mapema akiwa na hasira, na wewe ukakasirikia aliyekwambia. Hujauliza hata siku moja hasira yenyewe inatoka wapi, na ni ya nani. Mwanamume anayelala naye ndiye angepaswa kuuliza. Mwulize ukiwa tayari kusikiliza, na usijibu harakaharaka.

Kitu kingine fundi wangu amenieleza, nikabaki mdomo wazi: hiyo laptopu ina uwezo wa kurekodi yenyewe. Kidole anaweza kusimama kwenye nyasi, wewe ukakaa pembeni ya mkeo ukaishika, mkarudi, akaisoma mkiwa wote watatu mmesimama hapo. Ungeuliza swali moja tu ungepata kiti. Wivu ulikuziba mdomo, ukaenda kukamata spana.

Sasa fanya hivi. Jumapili aendeshe bila gesi au asiendeshe, hilo aamue yeye, lakini aamue akiwa anajua. Mwambie leo, kabla hajashuka kulipasha gari moto. Mwambie mlio haukuwa wa kompresa. Mwambie Kidole hakupitia kitu, wewe ndiye uliyemsemea. Mwisho kabisa ndiyo umwambie kwamba ulikuwa na wivu. Usianze na wivu ili akuonee huruma, anza na mlio. Kisha mpigie Kidole, umwombe radhi kwa sauti ambayo mkeo ataisikia, na ukitaka gesi tena mtafunga mkavu, na nani akae wapi atasema dereva.

Atanuna, hilo nakuhakikishia. Huenda akafunga mkoba akaenda kwa dada yake. Usimkimbilie mlangoni, usimtumie watu wa kumbembeleza, wala usiniandikie mimi kwamba nimekuvunjia nyumba. Mwache anune mpaka achoke, fundi. Aliyenuna unaweza kumwomba msamaha kesho, na keshokutwa, na siku ile nyingine.