Mbuzi wa Krismasi Pale Ngara

Mjukuu wangu Wanjiru,

Barua yako imefika. Mwandiko umetengenea, ingawa hukuweka tarehe. Sote hatujambo, shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume.

Uliuliza kama Krismasi ya zamani hapa Nairobi ilikuwa ya Wakristo peke yao. Miaka ya sitini tuliishi Ngara, ua mmoja na Mzee Salim, Mwislamu kutoka Lamu. Asubuhi ya Krismasi baba alishika kisu ili amchinje mbuzi. Mama akamzuia.

"Ukichinja wewe, nyumba ya Salim hawataonja."

"Sikukuu ni yetu, Mama Njeri."

"Na biriani ya Idi, uliyoila hadi ukaramba sinia, ilikuwa ya kanisa gani?"

Baba akaenda kupiga hodi. Mzee Salim alitoka na kisu chake, kimekwisha kunolewa.

"Nilianza kudhani leo mmefunga," akasema.

Tulikula pamoja uani, watoto wao wakigombania chapati nasi. Jioni nilimsikia baba akimwuliza Mzee Salim ni lini Idi ijayo itaangukia, ili asisafiri siku hiyo.

Huko baridini, usiile sikukuu peke yako.

Nyanya yako