Binti Aliyetaka Kula Kwanza

Marahaba, mjukuu wangu Ghati.

Hapa Nkende tu wazima. Shangazi yako amejifungua salama. Unauliza ufanyeje msomaji akitaka njia usiyoiandika katika hadithi zako za kwenye simu, zile ambazo msomaji huchagua njia.

Enzi za kuchimba dhahabu huku kwetu niliuza uji machimboni, nikiwasimulia wachimbaji hadithi. Siku moja, hadithi ikiwa ya binti aliye safarini, niliwauliza, "Binti apite mtoni au mlimani?"

Kijana mmoja akasema, "Ametembea sana. Ale kwanza."

Wakacheka. Niliogopa hadithi itaniharibikia, lakini nikamkalisha binti, nikampa ugali wa wimbi. Wote wakasogea karibu kama wanakula naye. Sijawahi kusimulia hadithi tamu kuliko ile.

Kesho yake kijana aliwahi kabla ya wenzake, akauliza, "Binti ameshiba?"

Ndiye babu yako. Anakusalimu, na mpaka leo hanisikilizi bila kunikatiza.

Bibi yako