Ndanu, Futa Hiyo Sura ya Nne

Ndanu mjukuu wangu,

Nani alikuambia uandike kila kitu mwanamke mzee anasema? Miaka yote hiyo ya shule, digrii ya kwanza, ualimu pale Kajiado, sasa masters, na bado hujajifunza kumuuliza mtu swali mara mbili. Hata mama wa kuuza mboga huuliza mara mbili. Wewe uliegemeza simu kwa mkebe wa sukari, ukaniangalia kama mimi ni sanamu ya kanisani, na chochote kilichotoka mdomoni mwangu ukakibeba mpaka chuo. Sasa ona.

Nimekupigia tangu Jumapili. Yule msichana wa kwenye simu ananiambia hupatikani, na mimi najua hupatikani, uko mafungoni, mmezima simu mkae kimya na Mungu mpaka Ijumaa. Basi nimechukua kalamu. Mkono wangu ni wa darasa la nne, usinicheke. Katekista anakuja huko Alhamisi na amesema ataiacha langoni.

Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa wa furaha. Ulisema mwalimu wako, yule padri wa kanzu ya kahawia na kamba kiunoni, amesoma sura ya nne akarudi akaisoma tena. Ukasema kabla hujasimama mbele ya walimu kuitetea kazi yako, anataka kuja Kitengela aone tangi letu kwa macho yake. Tena kama yule mama Mmaasai wa kwenye hiyo sura bado anaishi, atafutwe, aketi na mimi hapo kando ya tangi tupigwe picha. Tangu niusome huo ujumbe nimeunguza maharagwe mara mbili. Naingia jikoni nasahau nilifuata nini.

Unalikumbuka hilo tangi kuliko mimi. Kila likizo baba yako akikuleta hapa, kabla hujanisalimia vizuri, ushapanda juu. Hapo juu ndipo nilipokufundisha ishara ya msalaba, ukaanza na mkono wa kushoto nikakupiga kofi dogo. Hapo chini ulimzika ndege aliyekufa, ukamwekea msalaba wa njiti, na nilipokuuliza ni kondoo gani wa parokia huyo ukaniambia ni ndugu yetu. Ulikuwa na miaka saba. Ningejua huo ndio mwanzo wa Ufransisko wako ningekutafutia kazi ya kufanya.

Na ulikuwa unashika ile kufuli kwa mfereji wa kutolea maji, imeshika kutu, unaitikisa. Tangi lilipasuka kitambo, kuku wanatagia ndani. Ukaniuliza, “Susu, kufuli ni ya nini na ndani hakuna maji?” Nikakuambia ni ya kuzuia watoto wenye maswali. Ukacheka ukaenda zako.

Ulipoacha ualimu kwenda kusomea teolojia na mambo ya Mtakatifu Fransisko, ni mimi nilikupigania. Kwanza nilikugombeza, hiyo sikatai. Nilikuambia kama ni umaskini unataka kusomea ungekuja ukae na mimi kiangazi kimoja, cheti nitakuandikia mwenyewe. Lakini kwa watu sikukubali neno. Mama Kioko wa jumuiya yetu ya kanisa aliniuliza, “Sista hatakuwa, padri hawezi kuwa, sasa atakuwa nani?” Nikamwambia atakuwa mtu anayejua kitu, na yeye pia ajaribu siku moja. Mpaka leo ananisalimia kwa upande.

Sasa kumbuka ile siku ya simu na mkebe wa sukari. Nilikuwa nachambua maharagwe. Ulinieleza Fransisko akiwa kijana wa nyumba ya kitajiri alikuwa akimwona mgonjwa wa ukoma anapitia njia ingine, ameziba pua. Halafu siku moja akashuka kwa farasi akamkumbatia. Ukasema wewe unapenda zaidi pale mwanzo, pale alipokuwa akikimbia. Nilikukemea, nikasema mtakatifu aelezwe kwa uzuri wake. Kisha ukaniuliza, “Susu, ni nani alikuja kwako siku moja akiwa hana kitu?”

Nikaangalia ile simu, ile taa yake ndogo nyekundu, na mdomo ukaenda wenyewe. Nikakusimulia kiangazi kile baba yako akiwa darasa la pili, nyumbu wakifia barabarani. Nikasema Mama Nasieku alikuja na ng'ombe wake na mtoto mgongoni, na mimi nikafungua mfereji, wakanywa wote mpaka tangi likalia tupu, na sisi tukalala na kiu. Ulilia. Ukanikumbatia na maharagwe yakamwagika. Sasa mtu anarudishaje maneno hapo?

Ndanu, sikufungua mfereji.

Mama Nasieku alikuja, hiyo ni kweli. Alisimama nje ya waya wa ua wetu, akanisalimia, “Sopa, mama.” Hakuomba maji ya ng'ombe wote. Aliomba ya ndama na ya mtoto. Nikamwambia yameisha. Na mfereji ulikuwa unadondoka nikisema hivyo. Tone moja, lingine, juu ya lile jiwe babu yako aliweka chini. Tuliangalia wote wawili. Hakunitukana. Aliniambia tu, “Yakirudi, utaniita.” Akageuka. Ndama mmoja alilala hapo kwa waya na hakusimama tena. Jioni hiyo nikatoa kufuli ya sanduku langu la nguo nikafunga mfereji.

Sisemi sikuwa na sababu. Nilikuwa na watoto wanne, na babu yako alikuwa akirudi kutoka kwari, kuchimba mawe, na vumbi mpaka kooni. Lakini hukuniuliza sababu, uliniuliza nani alikuja.

Maji yalirudi. Mvua ilinyesha tangi likafurika mpaka njiani, na sikumwita. Niliona haya, na haya yangu huwa inatoka ikiwa hasira, unanijua. Halafu jiwe likamwangukia babu yako mguuni kule kwari. Asubuhi ya tatu nikakuta kibuyu cha maziwa juu ya tangi. Kesho yake kingine. Mama Nasieku alikuwa ananyoosha mkono juu ya waya, anakiweka anaenda, hapigi hodi. Aliendelea hivyo mpaka babu yako akatembea na fimbo. Baba yako, huyo aliyekuzaa, alikua kwa maziwa hayo. Mimi nilikuwa naosha kibuyu na kukirudisha pale pale juu ya tangi, na neno asante halikutoka. Kisha mashamba yakauzwa, waya zikazidi, wao wakahamia upande wa Kajiado. Sikwenda kuwaaga.

Sasa umeelewa. Aliyepewa ni mimi. Umeandika kitabu kizima na umetugeuza, umemweka yeye mahali pangu na mimi mahali pake, kwa sababu mimi ndiye niliyekusimulia hivyo.

Naogopa, na siogopi kwa ajili ya ile picha. Naogopa padri wako atakuja, aniulize kwa upole vile wanauliza, na mimi nitasema tena ule uongo kwa sababu nimeuzoea. Naogopa usimame mbele ya hao walimu na mmoja aulize kitu kidogo tu, kufuli ni ya nini, na wewe ujibu kwa imani yako yote kitu ambacho si kweli. Wanaweza kukunyima hiyo digrii? Sijui sheria zenu. Nimejaribu kumuuliza katekista bila kumwambia na akaanza kuniangalia.

Lakini kile kinanitoa usingizini ni kingine. Mikono yako ni mimi niliyeishika ukajifunza msalaba. Kama Susu alidanganya juu ya maji, kesho utajiuliza na yale mengine je. Hayo mengine ni kweli, Ndanu. Hiyo nakuapia, na ukitaka kushuku, nishuku mimi, usishuku hayo.

Na kwa sababu ulisoma hiyo sura pale jumuiya, na akina mama wakapiga makofi wakanipa kiti cha mbele, na mimi nikakikalia, nimemwambia katekista aisome hii barua pale pale Jumatano watu wakiwepo, kabla hajakuletea. Mama Kioko asikie pia. Kile kiti cha mbele sasa akikalie yeye.

Mama Nasieku yuko hai. Nimeulizia kwa wachuuzi wa mbuzi. Anakaa karibu na soko la mifugo Kajiado, macho hayaoni vizuri, lakini masikio na kichwa viko sawa. Nimewaza anaweza kukataa kuniona. Nimewaza hata kwamba amesahau, na hiyo ndiyo ingeniuma zaidi.

Sikiliza basi. Futa hiyo sura ya nne. Mwambie padri wako ukweli wewe mwenyewe kabla hajausikia kwa mtu mwingine, na asije hapa kwanza. Ijumaa ukitoka mafungoni usiende maktaba, usiende kwa marafiki. Pitia duka la vyuma hapa Kitengela, uje na msumeno wa kukata chuma, kwa maana ufunguo nilishautupa kwa choo. Kufuli tutaikata Ijumaa hiyo hiyo. Jumamosi asubuhi tunaenda Kajiado, simu iwe na chaji. Utamsalimia kwa Kimaa vizuri, utakaa chini miguuni pake, utamuuliza yeye, na utamuuliza mara mbili. Uandike atakavyosema, hata kama ni kunitukana. Na ukiona nafungua mdomo kabla hajamaliza, nikanyage mguu.

Ni mimi,
Susu wako