Mwasha Moto wa Jumamosi

Baghdad, 3 Machi 1958

Mwanangu Naima,

Salamu nyingi zikufikie huko London, wewe na mumeo. Mimi ni mzima ila magoti. Ngazi za darini sasa nazipanda huku nazitukana. Pole sana kwa msiba. Nimemlilia mama yako Rejina mpaka majirani wapya wakadhani nimefiwa na dada, nami sikuwasahihisha.

Barua yako imenielemea. Unanishukuru kwa kukuficha chini ya magodoro, unaniita mama yako wa pili. Halafu unauliza jambo moja tu: baba yako alifunga mlango kwa komeo la chuma, akaapa hamfungulii mtu. Mbona alifungua? Mama yako amekufa bila kujua. Wewe nitakujibu.

Ulikuwa na miaka mitano. Labda unakumbuka kwamba Jumamosi, siku yenu ya Sabato, ninyi Wayahudi hamkuwa mkiwasha moto, na kila Jumamosi asubuhi nilikuja mimi, Mwislamu wa nyumba ya pili, kuwawashia jiko la chai. Nilibisha kwa pete yangu mara mbili, nikaita, “Menashe, mvivu wewe, moto umefika!” Naye baba yako alijibu kutoka ndani, “Karibu dada, tulishakata tamaa!” Miaka kumi na mmoja tulitaniana hivyo.

Mwaka ule wa 1941 sikukuu yenu iliungana na Jumamosi, ikawa siku tatu bila kuwasha moto. Jumapili watu walianza kuua Wayahudi mjini. Jumatatu asubuhi kundi likaingia mtaani kwetu na visu na mashoka. Mlango wenu waliupiga, haukutikisika, na ndani kimya. Mmoja akasema hawa wamekwisha kuhama, twendeni. Walikuwa wanaondoka, Naima.

Mdogo wangu Sattar alikuwamo. Akanijia akasema, “Dada, wewe wanakufungulia. Kabishe.” Nikamwambia ana wazimu. Akacheka: “Nani kasema kuua? Tunachukua vitu tu. Na ile cherehani ya Rejina unayoimezea mate, yako.”

Miaka yote hii nimewaambia watu, na Mungu pia, kwamba nililazimishwa. Si kweli. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenionyesha kisu. Niliitaka ile cherehani.

Nikabisha kwa pete mara mbili. Nikaita.

Baba yako akafungua. Alikuwa amevaa kanzu ya sikukuu, na hakuwaona waliojibanza ukutani. Akaniambia, “Dada, umekuja na hatari yote hii? Ingia upesi, wasije wakakudhuru.”

Walimuua palepale. Mama yako alikimbilia darini, akarukia paa la jirani. Wewe ulipita katikati ya miguu yao ukaning’ang’ania gauni, nami nikakubeba. Sikukuchagua, mwanangu. Ulinishika tu.

Siku ya tatu mama yako alikuja kukuchukua. Akaiona cherehani chumbani kwangu. Nikasema nimeinusuru. Akanibusu mikono yote miwili, akasema ibaki kwangu, ni zawadi, maana amenikosea kwa kunidhania mimi ni jirani tu, kumbe ni ndugu.

Msalimie mumeo. Mungu awakuzie watoto na awape usingizi mwema. Usipoandika tena, nitajua barua imefika.

Mimi,
Badriya