Kigari cha Ubaoni

Waithaka wangu uliye Doha,

Hapa mtaani kwetu Mountain View mparachichi umezaa, na gari lako nalifunika kila jioni. Bado nalala upande wangu wa kitanda.

Jana nilipita mtihani wa udereva. Mtahini aliweka kigari cha kuchezea juu ya ubao uliochorwa barabara, akaniambia, "Mama, zunguka raundabauti utoke kulia." Nikakizungusha, nikakitoa kulia.

Mara mbili za kwanza nilianguka hapo hapo, na sheria nilizijua zote. Niliamini kwamba nikijua kuendesha, hutakuwa na sababu ya kurudi. Basi nikakaa miaka minne bila kujua, na bado hukurudi.

Niambie siku ya ndege, nije kukuchukua. Lakini utaketi upande wa abiria.

Wamucii wako